Sadaka ya Mjane na Nyumba ya Mjane

Katika makanisa yetu hakuna mwanamke maskini anayehubiriwa mara nyingi kuliko yule mjane wa senti mbili. Tunapoanza msingi wa kanisa, yupo. Tunapoezeka nyumba ya mchungaji, yupo. Kwaya ikitaka vyombo vipya, naye huitwa. Ndugu zetu Wakatoliki humhubiri, Waanglikana humhubiri, na sisi Walutheri hatukosi kumtaja katika juma la uwakili. Hoja huwa ile ile: ikiwa mjane asiye na kitu alitoa vyote, wewe mwenye shamba, ng'ombe na mshahara unashindwaje?

Makala haya ni uhakiki wa mahubiri hayo, na wa desturi za utoaji zinazosimama juu yake. Tumechagua kuyatazama mahali pamoja, yaani katika parokia Katoliki za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Mtu anaweza kuuliza, mchungaji wa Kilutheri ana nini na zaka za parokia? Jibu letu ni la ujirani. Katika milima ya Umatengo, Kanisa Katoliki ndilo lililobeba shule, tiba, kwaya na kalenda ya mwaka. Sisi Walutheri huko ni wachache. Wengi wetu tulifika kwa ualimu, biashara au utumishi wa serikali. Tunazika pamoja nao, tunakula misibani kwao, watoto wetu wanaoana na watoto wao. Na wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kila neno tutakalosema juu ya kadi yao ya zaka linaigusa pia bahasha yetu ya ahadi.

Tuanze na shukrani, maana mhakiki asiyeona jema hana haki ya kutaja baya. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ya Kigonsera mwaka 1899. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianza. Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa safarini, na Peramiho ikachomwa moto. Wamisionari walirudi, wakajenga upya, na baadaye wakafika Litembo, ambako leo iko hospitali inayotegemewa na watu wa milima ile. Jimbo la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986 kutoka Songea. Tangu 1989 lina udugu na Jimbo la Würzburg nchini Ujerumani, na kanisa kuu la Mbinga lina msimamizi yule yule wa Würzburg, Mtakatifu Kilian.

Huko chini ziwani historia ni nyingine kidogo. Waanglikana wa misheni ya UMCA walitangulia kwa mashua na meli, wakawa na makao yao kisiwani Likoma. Padre William Percival Johnson, aliyehudumu ziwani kwa zaidi ya miaka 40, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Kwa hiyo katika kijiji kimoja cha wavuvi utamkuta Mkatoliki na Mwanglikana wakishona wavu mmoja. Sisi wa mapokeo ya Misheni ya Berlin tulianzia upande wa kaskazini wa ziwa hilo hilo mwaka 1891, tukaenea kuelekea milima ya Njombe. Ndiyo sababu mojawapo ya uchache wetu Mbinga: wamisionari waligawana nchi, na sisi wajukuu wa kiroho tunaishi ndani ya mipaka ile.

Jambo ambalo parokia za huko zinatufundisha zaidi ni jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizungumza habari zake katika mkutano wa AMECEA wa mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya kuwa kipaumbele cha uchungaji. Wazo lilikuwa kwamba parokia isiwe umati unaokutana Jumapili na kutawanyika, bali ijengwe juu ya nyumba chache zinazojuana. Nyumba hizo hukutana mara moja kwa juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Husoma Injili, husali, kisha huulizana: nani mgonjwa, nani kafiwa, mtoto wa nani kakosa ada. Mama akijifungua, wanajumuiya huteka maji na kuchanja kuni. Msiba ukitokea, unga na maharagwe hufika kabla ya paroko. Sadaka ya namna hii haihitaji kutangazwa, kwa sababu anayetoa anajua jiko gani limezimika.

Kwa Wamatengo jambo hili halikuwa geni. Wazee wao walikuwa na sengu. Watu wa ukoo waliokaa pamoja walikula pamoja. Kila nyumba ilileta ilichopika, na baada ya kula wazee walifundisha vijana, wakapatanisha waliogombana na kupanga kazi. Aliyekuwa na chakula kidogo hakuumbuka, kwa kuwa chungu chake kiliwekwa kati ya vyungu vingine. Hatusemi sengu ilikuwa mbinguni. Ilikuwa na wakubwa na wadogo wake. Kadiri maisha yalivyobadilika na kila nyumba ikajitegemea kwa shamba lake la kahawa, sengu ilififia. Hata hivyo haikusahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakishirikiana na wenzao wa Japani, walipofanya kazi ya maendeleo vijijini Mbinga, wanakijiji wenyewe walilirudisha jina hilo kwa kamati zao. Nasi tunaona jumuiya iliyo hai ni sengu iliyobatizwa. Watu wanakula Neno pamoja, na kwa sababu hiyo hawaoni haya kula ugali pamoja.

Sasa tuje kwenye shida. Jumuiya ina macho mazuri, kwa kuwa ni ndogo. Lakini macho yale yale yanayomwona mgonjwa yanaweza kugeuzwa yakawa ya karani wa ushuru. Parokia ikitaka zaka, njia rahisi ni kupitia jumuiya, maana huko majina yote yanajulikana. Kadi hutolewa, miezi huandikwa, na mwenyekiti wa jumuiya hupewa kazi ya kufuatilia. Polepole ajenda hugeuka. Injili husomwa upesi, kisha inafuata orodha ya wasiolipa. Asiye na fedha huanza kukosa, kwa aibu. Akikosa mara tatu huitwa mlegevu. Na siku ya msiba linakuja lile swali linalojulikana nchi nzima: "Marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?"

Swali hilo kwa asili yake ni la upendo. Maana yake, nani walimjua ili watusaidie kumlilia. Lakini katika makanisa mengi limekuwa swali la mlangoni. Hatuzungumzii Wakatoliki peke yao. Kwetu nako barua ya mzee wa mtaa hutafutwa, na ukurasa wa ahadi hufunguliwa kabla ya jeneza kuingia. Kanuni za kujenga nidhamu tunazielewa, na tunajua wapo wanaolikumbuka kanisa siku ya arusi na ya kifo tu. Ila tuseme wazi: aliyekaa mbali kwa dharau na aliyekaa mbali kwa aibu ya umaskini si mtu mmoja, na kadi tupu haiwezi kutuonyesha tofauti yao.

Ajabu ni kwamba sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe inalijua jambo hili. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 222 inawakumbusha waamini wajibu wa kulitegemeza Kanisa, na papo hapo wajibu wa kuwasaidia maskini. Kanuni ya 848 inaagiza mhudumu asidai zaidi ya matoleo yaliyowekwa na mamlaka husika, tena aangalie daima wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya ufukara. Na kanuni ya 1181 inasema katika mazishi kusiwe na upendeleo, wala maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kwa hiyo anayemtetea maskini mbele ya halmashauri ya walei hapingani na Roma. Anasoma kitabu cha Roma kwa sauti.

Lipo na jambo la kalenda. Kadi ina miezi 12, nayo ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hana miezi 12 ya fedha. Huvuna katikati ya mwaka, hulipwa baadaye kidogo, na ikifika Desemba fedha imekwenda kwenye mbolea, ada na madeni. Mvuvi wa usipa huko ziwani anahesabu kwa mwezi wa mbinguni: usiku wa giza taa huwashwa na usipa hufuata mwanga, mbalamwezi ikiwa kubwa, vyombo hupumzika na mfuko nao hupumzika. Kumwandikia mtu wa namna hii deni la kila mwezi ni kumpima kwa kibaba cha mtu mwingine. Kanisa la vijijini lilijua zamani kupokea debe la mahindi, kuku, na usipa mkavu wakati wa mavuno. Hatuoni kwa nini karatasi yenye miezi iwe ya kiroho kuliko debe.

Hapo ndipo mahubiri ya mjane yanapoingia. Aliyekosa kujaza kadi huambiwa: mbona mjane alitoa? Basi na tuisome habari yenyewe, katika Marko sura ya 12, taratibu kama mtu anayekagua hati ya shamba.

Kwa kawaida tunaanza mstari wa 41, Yesu ameketi kuielekea sanduku la hazina, na tunaishia mstari wa 44. Katika kalenda ya misa, somo hili huja Jumapili ya 32 ya Mwaka B, mwezi Novemba. Kitabu cha masomo kinatoa nafasi mbili: somo refu linaloanzia mstari wa 38, na somo fupi linaloanzia 41. Anayechagua fupi anaokoa dakika moja, lakini anapoteza ufunguo wa nyumba nzima. Kwa maana katika mistari ile mitatu Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaopenda mavazi marefu, salamu za sokoni na viti vya mbele, ambao sala zao ni ndefu na bado wanakula nyumba za wajane. Ndipo anaketi, na mtu wa kwanza kumtaja kwa habari yake ni mjane. Marko hakuziweka habari hizi jirani kwa bahati mbaya.

Kisha tazama mwisho. Mstari wa kwanza na wa pili wa sura ya 13, mwanafunzi mmoja anastaajabia mawe ya hekalu, na Yesu anamwambia kwamba yote yatabomoka. Nyumba ile iliyomeza senti mbili za mwisho haitasimama. Mgawanyo wa sura haukuwekwa na Marko. Ulikuja katika karne ya 13, na kwa kawaida hutajwa jina la Stephen Langton wa Canterbury. Luka naye amekatwa vivyo hivyo: onyo liko mwisho wa sura ya 20, mjane yuko mwanzo wa sura ya 21. Basi tumezoea kumsoma mjane kama mtu asiye na jirani juu wala chini.

Tena hesabu senti zake. Marko anaeleza kwamba vile visarafu viwili vilifanya sarafu moja ndogo ya Kirumi, na sarafu hiyo ilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari, yaani ya ujira wa kibarua wa siku moja. Hekalu halikujengeka kwa fedha hiyo. Na Yesu, baada ya kusema kwamba ametoa riziki yake yote, hakuongeza neno la kuwaagiza wanafunzi waende wakafanye vivyo hivyo. Mwaka 1982 mtaalamu mmoja Mkatoliki wa Marekani, Addison Wright, aliandika makala akiuliza kama maneno ya Yesu hapa ni sifa au ni maombolezo, naye akaelekea kwenye maombolezo. Sisi hatufiki mbali kama yeye. Tunaamini Bwana aliiheshimu imani ya mama yule. Alimtegemea Mungu wakati watu wa Mungu walikuwa wamemwangusha. Lakini tunakubaliana naye kwa hili: mtu hawezi kumsifu mjane kwa uaminifu huku akinyamazia aliyekula nyumba yake.

Sasa tuulize, Mbinga nyumba ya mjane inaliwaje? Kila mtu wa huko anajua jibu moja, nalo lina jina: magoma. Ni mkopo wa fedha unaolipwa kwa kahawa. Tuseme mama mmoja, Januari, hana mbolea, na mtoto anatakiwa shule. Mwenye fedha anampa Sh. 100,000. Julai atalipa kwa kahawa, kwa kipimo kilichokubaliwa akiwa na njaa, na kahawa hiyo ingempa sokoni mara mbili au tatu ya fedha aliyopewa. Akishindwa, deni linavuka msimu, na mwisho mikahawa yenyewe inapata mwenye wengine. Viongozi wa serikali wamelikemea jambo hili mara nyingi. Hata utaratibu wa kuuza kahawa kupitia vyama vya msingi, ulioshikiliwa kwa nguvu tangu msimu wa 2018, haujamwondolea mkulima shida ya Januari. Njaa haingoji mnada wa kahawa.

Linganisheni kalenda, wapendwa. Somo la mjane husomwa Novemba. Fedha za kahawa zinakwisha, mvua ziko mlangoni, mbolea inatakiwa, na mlango wa magoma unafunguliwa. Siku hiyo hiyo mhubiri anaanzia mstari wa 41 na kumwambia mama atoe kama mjane. Mama anatoa, wanawake wetu hawamnyimi Mungu. Kisha Jumatatu anakwenda kukopa. Na siku ya mnada wa mavuno, mtu anayenunua jogoo mmoja kwa bei ya ng'ombe, akapigiwa makofi na kuombewa kwa jina, anaweza kuwa yule yule aliyemkopesha. Fedha ya mama imeingia kanisani mara mbili: mara ya kwanza kidogo kwa mkono wake, mara ya pili nyingi kwa mkono wa mwingine. Na sifa zote zimekwenda kwa huyo wa pili.

Tunajua tutaambiwa, "Mchungaji, ukianza kuuliza kila sadaka imetoka wapi, nani atabaki?" Na mwingine atasema kwamba kanisa haliezekwi kwa maombi. Hoja zote mbili ni za kweli kwa sehemu. Katekista ana watoto, mwinjilisti ana watoto, na bati lina bei. Wala hatutaki mzee wa kanisa asimame mlangoni akihoji noti za watu. Tunachotaka ni kwamba anayekopesha kwa magoma asikie habari zake katika Neno kama vile mzinzi na mlevi wanavyosikia zao. Zakayo katika Luka 19 hakuambiwa anunue jogoo. Alisimama mwenyewe, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa wale aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Hakuna hata senti iliyotajwa kwenda hekaluni. Toba yake ilifika kwenye nyumba zilizoliwa.

Sisi Walutheri hupenda kusema habari za 1517, jinsi Luther alivyokataa neema kuuzwa kwa vyeti vya rehema. Tunakumbuka kidogo sana habari za 1523. Mwaka huo usharika wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saxony, ulitunga utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo zilishikwa na makundi manne: makabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji, na wakulima wa vijiji vya pembeni. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata mkulima alikuwa na ufunguo. Fedha ilimlipa mchungaji na mwalimu, ikawalisha yatima na wazee. Zaidi ya hayo, fundi au mkulima aliyebanwa aliweza kupewa kitu cha kuanzia kazi, akakirudisha akiweza. Asiyeweza kabisa alisamehewa kwa ajili ya Mungu. Utaratibu ule ulisumbuliwa, kwa kuwa baraza la mji halikutaka kuachia mali iliyokuwa mikononi mwake. Watu wa cheo hawapendi kufuli nne, wakati ule na sasa. Lakini ona lile walilolifahamu wakulima wa Leisnig: sadaka iliyo safi hufika kwa mtu kabla ya mkopeshaji.

Wamatengo wana picha ya jambo hili shambani kwao. Katika miteremko mikali hulima ngolo: majani hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo hufunikwa juu yake, na katikati hubaki vishimo vingi. Mvua ikinyesha, kila kishimo kinashika maji yake, na mlima haumomonyoki. Wangechimba mfereji mmoja mkubwa wa kupeleka maji yote bondeni, udongo ungekwenda nayo. Tunaiona parokia ya jumuiya kama shamba la ngolo. Ni haki maji kiasi yateremke hadi parokiani, jimboni, seminarini na hospitalini. Lakini sadaka yote ikiteremka, jumuiya inakauka. Na hili linahusu pia misaada inayotoka mbali. Tunamshukuru Mungu kwa ndugu wa Würzburg, kama nasi tunavyomshukuru kwa marafiki wetu wa ng'ambo. Ila mgeni wa mbali anaweza kusaidia kujenga wodi; hawezi kujua kwamba nyumba ya tatu kutoka kisimani haijapika tangu jana. Hilo linamngoja jirani.

Mtume Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, katika waraka wa pili, sura ya 8, aliwasifu Wamakedonia waliotoa katika umaskini wao. Hata hivyo aliweka mpaka: hakutaka wengine wapumzike nao wataabike. Alitaka usawa, wingi wa huyu ukidhi upungufu wa yule. Tena kanisa la kwanza, katika Matendo sura ya 6, liligombana kwa sababu wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane watoe zaidi. Walichagua watu saba wa kuangalia meza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache, kwa ndugu zetu wa parokia na kwa sharika zetu. La kwanza, mwenye kusoma habari za mjane aanzie mstari wa 38, na asifunge kitabu kabla ya mstari wa pili wa sura ya 13. La pili, utoaji ufuate msimu wa mtoaji, kahawa kwa wakati wa kahawa na usipa kwa wakati wa usipa, na aliye mkavu aachwe bila jina lake kusomwa. La tatu, sehemu ya matoleo ibaki katika jumuiya au mtaa, ikiwa na funguo zaidi ya moja na hesabu zinazosomwa mbele ya wote, ili Januari mama apate pa kukopa pasipo magoma. Huko ziwani, ambako Mkatoliki na Mwanglikana wanashona wavu mmoja, mfuko huo usiulize dhehebu. La nne, maiti isizuiliwe mlangoni kwa kadi. Kama marehemu alilegea, Mungu anamjua. Na kama alikuwa maskini, sisi ndio tulipaswa kujua.

Jumuiya zinaweza kuyafanya haya kuliko sisi wahubiri, kwa kuwa ndizo zinazoingia majumbani. Bwana wetu aliketi kuielekea sanduku la hazina akaangalia. Waliopita walikuwa wengi, na matajiri walitia mengi, lakini jicho lake lilikwenda kwa mtu ambaye karani wa hekalu asingemwandika. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa kanisa, mama wa WAWATA, mchungaji na paroko: kiti hicho ndicho tulichopewa. Novemba inakuja tena. Kabla kikapu hakijapita, na tuulizane nani kati yetu atakuwa anakopa Jumatatu.